Maua Yaliyotangulia Masika

Mtu wa Mombasa akifika Eldoret kwa mara ya kwanza haulizi habari za mji. Huuliza sweta zinauzwa wapi. Nilikuwa nimeonywa tangu nyumbani, na bado alfajiri ile ilinikuta kituo cha mabasi nimejitanda buibui jepesi la pwani, meno yakigongana, nikimsubiri mdogo wangu aje kunichukua. Ilikuwa mwanzoni mwa Shaaban, na mwaka ule Shaaban iliangukia Februari.

Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, na kutoka Nairobi hadi Eldoret ni zaidi ya 300 nyingine. Ukiisha kuiacha Nakuru, barabara hupanda na kupanda, huvuka mstari wa ikweta, ikapita Timboroa, ambako reli iliyojengwa miaka ya 1920 ililazimika kukwea zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kisha huteremka Burnt Forest na kumwagika katika uwanda wa Uasin Gishu. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 2,100. Wazee wa Kikalenjin waliuita Sisibo, ndiyo matamshi yao ya namba 64 kwa Kiingereza, kwa sababu ulianzia kwenye shamba lililopewa namba hiyo na wakoloni, na hapo ndipo ilipofunguliwa posta mwaka 1910. Jina la Eldoret limetokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe. Mto huo ni Sosiani, nao ungali unapita katikati ya mji, ambao tangu tarehe 15 Agosti 2024 ni jiji kwa hati ya serikali.

Sikwenda kutembea. Mdogo wangu alikuwa ametoka eda. Alifiwa na mumewe akiwa na watoto wawili shuleni, duka dogo la vitambaa, na shamba la kukodi la ekari tano upande wa barabara ya Moiben. Duka alilijua. Shamba lilikuwa la marehemu: yeye ndiye aliyejua siku ya kulima, mtu wa trekta, na bei ya gunia. Kodi ya shamba alikwisha kuilipa kabla ya kuugua, na mbegu na mbolea zilikuwa stoo. Kilo hamsini za mbegu, kumi kwa kila ekari, na magunia matano ya mbolea ya kupandia. Mdogo wangu alinionyesha vitu hivyo siku ya kwanza, kabla hata ya chai, kama mtu anavyomwonyesha mgeni mtoto mchanga.

“Haya ndiyo aliyotuachia, dada,” akasema. “Yakiota tumesoma. Yasipoota sijui.”

Msomaji wa pwani yafaa aelewe jambo moja hapa. Sisi tuna masika na tuna vuli; mkulima wa Kilifi au Kwale akikosa kwa hili hutazamia lile, japo vuli ni haba. Uasin Gishu mambo si hayo. Mvua huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, huendelea hadi Septemba, na Disemba, Januari na Februari ni kiangazi. Mahindi ya nyanda zile za baridi hukaa shambani miezi sita hadi minane. Kwa hiyo hupandwa mara moja tu kwa mwaka, na anayekosea hana pa kukimbilia hadi mwaka wa pili.

Siku ya nne ya kukaa kwangu, mvua ikanyesha.

Haikuwa manyunyu. Ilianza baada ya Alasiri, ikapiga mabati hata hatukusikiana, na kesho yake ikarudi, na kesho kutwa, na siku ya nne pia. Vumbi likalala. Ile harufu ya ardhi iliyorowa, ambayo sijui mwanamke asiyeipenda, ikajaa nyumba nzima. Hata nyasi zilizokuwa rangi ya katani zikaanza kuonyesha kijani kwenye mashina.

Kisha yakaja maua. Nyuma ya jiko, chini ya mti, palikuwa na kipande cha ardhi kitupu nilichokuwa nikikipita kila asubuhi kwenda kamba ya nguo. Baada ya ile mvua nikaona ardhi imepasuka, na ndani ya nyufa vidole vinene vimechomoza, vina madoa ya zambarau. Siku chache baadaye kila kidole kilikuwa kimebeba tufe jekundu, kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, lililoundwa na vijiua vingi vyembamba kama nyuzi za hariri. Hayakuwa na jani hata moja. Wataalamu wa mimea huliita ua hili Scadoxus multiflorus, nalo ni la Afrika, humea pori katika sehemu nyingi za bara hili. Nilihesabu matufe kumi na moja. (Akina mama wenye watoto wadogo wajue kwamba mmea huu una sumu, na tunguu lake hasa, uzuri wake ni wa kutazama tu.)

Nilivutiwa kupita kiasi. Nikasema moyoni kwamba maua haya yamezaliwa hapa, wala hayawezi kukosea: yakisema masika yamefika, yamefika. Nikamwambia mdogo wangu apande.

Sikuwa peke yangu. Shemeji, nduguye marehemu, alipiga simu kutoka Kitale akisema hivyo hivyo, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Hoja yake ilikuwa na uzito. Anayepanda mapema huvuna mapema, akauza kabla soko halijafurika. Na mtu wa trekta alikuwa na nafasi wiki ile tu. Aprili ikifika, kila mtu humtaka siku moja, na mjane asiye na mwanamume wa kumgombea foleni hubaki wa mwisho. Barabarani matrekta yalikuwa yameanza kupita. Mashamba mawili jirani yalipandwa mbele ya macho yetu.

Na kulikuwa na kumbukumbu chungu ya kuchelewa. Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Niño zilikataa kukatika. Oktoba, Novemba, Disemba, miezi ambayo mahindi ya Bonde la Ufa yanapaswa kukauka, yalilowa. Wakulima walikwisha kukata mabua na kuyasimamisha kwa mafungu shambani, na humo humo mbegu zikaanza kuota zikiwa bado kwenye magunzi, vichipukizi vya kijani vikitokeza kwenye maganda. Mdogo wangu alinisimulia jinsi yeye na mumewe walivyoyaanika mahindi kando ya lami kama walivyofanya wengine, wakiyakusanya kila wingu lilipotanda. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13.5, kwa sababu yakihifadhiwa mabichi huota ukungu wenye sumu kuvu. Nusu ya mavuno yao hayakuuzika kwa bei ya maana. Marehemu alikuwa akisema kwamba laiti wangalipanda wiki mbili mapema.

Neno hilo la marehemu ndilo lililomlemea mdogo wangu kuliko simu za shemeji. Utambishia vipi mtu aliyekwisha kufa?

Aliyetia neno jingine alikuwa jirani, bibi wa Kinandi tuliyemwita Kogo, ndilo neno lao la nyanya. Alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa lala yao yaliyopakwa masizi ya mti, akatukuta mimi na mdogo wangu tunabishana kwa sauti ya chini, kwa adabu, jinsi dada wanavyobishana mbele ya watu. Aliyatazama maua yangu, akacheka kidogo. Kisha akaomba jembe.

Alichimba palepale penye uwanja, shimo la kiasi cha dhiraa. Juu udongo ulikuwa mweusi na unashikana mkononi. Akapima kwa vidole: vinne. Chini ya vidole hivyo vinne ulikuwa udongo mkavu, mwekundu, unaomiminika kama unga.

“Mvua hii imenawisha mikono tu,” akasema. “Haijala.”

Nikamwonyesha maua. Nikamwuliza mbona hayo yameamka.

“Mama, ua lina ghala chini. Mahindi yako yana chakula cha safari moja.”

Nilikasirika, nakiri. Mwalimu mstaafu hapendi kusahihishwa mbele ya mdogo wake. Usiku ule nikampelekea picha ya maua binti wa ami yangu aliyeko Leicester, Uingereza, nikitaraji atanipongeza kwa uzuri wake. Badala ya pongezi akanirudishia picha yake mwenyewe, ya mwezi Novemba: kibustani cha mbele ya nyumba, na humo ncha za kijani zimejitokeza zikielekea moja kwa moja kwenye baridi.

Akanieleza. Kule watu hupanda matunguu ya maua msimu wa majani kupukutika, ili yalale ardhini wakati wote wa baridi, yachanue baridi ikiisha. Mwaka ule joto lilichelewa kuondoka, mvua ikanyesha, na matunguu yakadhani kwamba baridi imekwisha kupita. Alitaka kuyafukua. Jirani yake mzee akamwambia ayaache. Theluji ikija itaunguza ncha za majani, lakini kichomozo cha ua kingali kimejificha ndani ya tunguu, chini ya udongo. Na kweli, mwezi wa Machi yalichanua, majani yakiwa na ncha za kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Maneno ya jirani wa Leicester na ya Kogo yalikuwa yale yale.

Ukikata kitunguu chako cha jikoni kutoka juu hadi chini utaona siri yote. Zile tabaka nene ni majani yaliyogeuzwa kuwa akiba, ya maji na ya chakula, na katikati, kwenye kitako, ndimo kilimo kijimea kidogo kinachongoja. Ndiyo sababu kitunguu kilichosahauliwa kapuni huchipua bila udongo wala maji: kinakula cha kwake. Tunguu la ua ni hivyo hivyo. Mvua ikilidanganya hutoa ua au majani, likapoteza sehemu ya akiba yake, na ua la mwaka huo huenda likapita bila mbegu. Lakini kitako hubaki kizima na mwaka wa pili huanza tena. Punje ya hindi imepewa chakula cha kiasi cha wiki mbili, cha kuufikisha mche kwenye majani yake matatu hivi. Baada ya hapo mizizi isipokuta maji, basi.

Sina budi kuongeza hapa, kwa kuwa wengi wetu hudhani maua haya ya Ulaya ni ya Wazungu tangu mwanzo, kwamba tulipu lilitoka milima ya Asia ya Kati na nchi za Waturuki. Waosmani walilipenda mno, wakalichora kwenye vigae vya misikiti na kulitarizi kwenye nguo. Kwao huitwa lale, na jina hilo likiandikwa kwa herufi za Kiarabu hutumia herufi zile zile za jina la Mwenyezi Mungu, jambo ambalo mafundi wa hati hawakuliacha lipite hivi hivi. Lilifika Uholanzi karne ya 16. Sisi Mombasa hatuwezi kuliotesha hata tukitaka, wala Eldoret pamoja na baridi yake yote: linahitaji wiki kumi na mbili au zaidi chini ya nyuzi tisa, mfululizo, ndipo likubali kuamka. Lina hesabu yake, na hesabu hiyo haidanganywi na siku nne.

Hesabu ndiyo iliyonirudisha kwa bibi yetu, Mungu amrehemu. Hakujua kusoma tarehe za Kizungu. Alihesabu miongo tangu Siku ya Mwaka, Nairuzi, kila mwongo siku kumi, miongo thelathini na sita, na siku tano za gatha mwishoni. Mvua ikinyesha kabla ya mwongo wake aliiita mvua ya mpita njia, akakinga mitungi na hakugusa mbegu. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni ukaidi wa wazee.

Wataalamu wa hali ya hewa nao wana maelezo ya mpita njia huyu, na ajabu ni kwamba hutokea bahari yetu. Kimbunga kikipita katika Bahari ya Hindi karibu na Madagaska huweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, ikaja mashariki hadi nyanda za juu za Kenya na kumwaga mvua huko. Vimbunga Dumazile na Eliakim vya Machi 2018 vilihusishwa na mvua kubwa za namna hiyo. Kimbunga kikisha kwenda zake, mvua nayo hukatika. Mvua za masika hufuata jua, na Februari jua lingali kusini.

Ningependa kuandika kwamba baada ya kuelewa yote haya nilimwendea mdogo wangu nikafuta neno langu. Sikufanya hivyo mapema ya kutosha. Ujumbe wa Leicester niliusoma usiku wa Jumanne. Trekta lilikuwa limekuja Jumanne asubuhi. Mdogo wangu, ili asimvunjie heshima shemeji, wala mimi, wala Kogo, alikuwa amepanda ekari moja. Moja kati ya tano. Nne alizilima tu, akaziacha wazi.

Miche iliota mwishoni mwa Shaaban, mistari iliyonyooka, mizuri. Nilikuwa nikienda kuitazama kila jioni. Mvua haikurudi. Ramadhani ikaingia na anga buluu tupu. Kufunga Eldoret si kuzito, kiu haimshiki mtu kama Mombasa, na nadhani wepesi ule wa saumu ulizidi kuniumiza nilipokuwa nikitazama miche. Wiki ya kwanza majani yalijikunja mchana yakafunguka usiku. Wiki ya pili hayakufunguka. Tuliteka maji kisimani tukamwagilia mistari sita, mimi, mdogo wangu na watoto, baada ya Tarawehe, kwa mwanga wa simu. Ekari moja ni kubwa kuliko ndoo. Siku ya kumi na tatu ya Ramadhani mdogo wangu aling'oa mche mmoja, mzizi ukatoka mkavu kama uzi wa kushonea. Akasema, “Tufuturu, dada,” na hatukwenda tena.

Mashamba ya jirani, yaliyopandwa yote, yalikuwa hivyo hivyo. Mwenye moja alikopa fedha za mbegu.

Maua ya nyuma ya jiko nayo yalikuwa yamenyauka, matufe yamekuwa nyuzi za kahawia. Kabla ya kufunga mizigo yangu nilichimba moja, kwa uangalifu, huku nimejiandaa kukuta uozo. Tunguu lilikuwa gumu, zito, ganda lake limekaza. Ukilibonyeza halibonyei. Nikalirudisha mahali pake nikalifukia.

Nilikuwa Mombasa kabla ya Idi. Tuliposhika simu kutakiana heri alinieleza kwamba bado kukavu. Wiki ya pili ya Shawwal akaniambia mvua imeanza, na kwamba alichimba shimo kabla ya kumwita mtu wa trekta, na kwamba aliweka mkono wote hadi kiwiko na ukatoka na tope. Trekta alilipata baada ya siku tisa za foleni. Alisimama foleni mwenyewe. Ekari nne akapanda mahindi. Ile ya tano, kwa kuwa mbegu zake zilikwisha potea, akaipanda maharagwe, yaliyo rahisi.

Nilimwambia nitamlipia kilo kumi za mbegu na gunia la mbolea. Akakataa, akageuza maneno, akaniuliza kama bado nina lile sweta.

Mwezi wa Agosti nikapigiwa simu na ofisi ya mabasi nikachukue mzigo. Ulikuwa gunia dogo la maharagwe mekundu, limeshonwa mdomo kwa uzi wa dukani kwake, na juu yake kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa mdogo wangu ninaoujua tangu darasa la kwanza: “Ya ekari yako.”